Mfuko wa Nyumba na Kamba ya Mpima Ardhi: Mipango ya Serikali ya Makazi Nafuu Jijini Dar es Salaam, 1962–1995

Manzese na Sinza ni majirani. Mtembea kwa miguu huhitaji muda mfupi tu kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, lakini akifika upande wa pili hudhani amehama mji. Manzese, njia hupinda zikifuata pembe za nyumba zilizozitangulia. Sinza, nyumba ndizo zilizofuata barabara. Tofauti hiyo ilitokana na uamuzi wa serikali wa katikati ya miaka ya 1970, pale mradi mmoja uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulipokusudia kuiboresha Manzese kama ilivyokutwa na kuipima Sinza kabla haijajengwa.

Insha hii inachunguza mipango ya makazi nafuu tangu kuundwa kwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962 hadi kufungwa kwa Benki ya Nyumba Tanzania mwaka 1995. Hoja inayotetewa ni kwamba fedha zilizotengwa kwa jina la wafanyakazi na wakulima ziliwafikia zaidi wale waliokuwa na mshahara wa uhakika na karatasi za kuuthibitisha, na kwamba mchango wa serikali uliodumu kuliko yote haukuwa nyumba wala mkopo, bali kiwanja kilichopimwa mapema.

Serikali ya uhuru ilirithi mji uliokuwa umegawanywa kwa rangi za watu. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hayakuwa ya mzaha: kila eneo lilikuwa na masharti yake ya ujenzi. Kariakoo ilikuwa imepimwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wajerumani, na Waingereza waliongeza nyumba za serikali zilizoitwa kota huko Ilala, Magomeni na Temeke. Hata hivyo, Waafrika wengi hawakuishi katika kota. Waliishi katika nyumba ya Kiswahili, yaani nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, yenye baraza mbele na uani nyuma penye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, akapangisha vilivyobaki. Msomaji aiweke nyumba hii akilini, kwa kuwa kwa miongo mitatu wapangaji wa serikali waliijadili kana kwamba ni tatizo, ilhali ndiyo iliyokuwa makazi nafuu yenyewe.

Shirika la Nyumba lilianza kwa ari kubwa. Katika kipindi cha Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano (1964–1969) kazi yake kuu mjini ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba za kudumu mahali pale pale. Siasa ya jambo hilo inaeleweka: taifa changa lilitaka kuonesha kwamba kuta za udongo na mapaa ya makuti na madebe yalikuwa aibu ya ukoloni. Hesabu yake, hata hivyo, haikuwa nzuri. Kila nyumba mpya iliposimama, nyingine ilikuwa imeanguka, hivyo fedha nyingi zilitumika bila idadi ya vyumba kuongezeka kwa kiasi cha kuridhisha. Aliyebomolewa nyumba ya vyumba sita alikuwa amepoteza pia kodi ya vyumba vinne, na wapangaji wake walihamia pembezoni, wakajenga au wakapanga katika vibanda vingine. Kufikia mwaka 1969 utaratibu huo uliachwa.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limeongeza ugumu wa kifikra. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa kuwa kodi ya nyumba ilihesabiwa kuwa jasho la mtu mwingine. Mwezi Aprili 1971 sheria ya kutwaa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba. Mjini Dar es Salaam pigo hilo liliwaangukia hasa wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia, na nyumba ya Kiswahili ya Magomeni haikuguswa. Lakini fikra ilikwisha kupandwa kwamba kupangisha ni jambo la kutiliwa shaka na kwamba raia mwema ni yule anayejenga nyumba yake na kuishi humo na watoto wake. Ni kwa raia huyo wa kufikirika kwamba mfuko wa nyumba ulibuniwa.

Benki ya Nyumba Tanzania, iliyojulikana zaidi kwa herufi zake THB, ilianza kazi mwaka 1973. Mwaka uliofuata ulianzishwa Mfuko wa Maendeleo ya Nyumba za Wafanyakazi na Wakulima, uliowekwa chini ya usimamizi wa benki hiyo. Chanzo chake kilikuwa tozo ya asilimia 2 ya jumla ya mishahara, iliyolipwa na kila mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Mfanyakazi hakuiona tozo hiyo katika stakabadhi yake ya mshahara, kwa kuwa iliandikwa upande wa mwajiri. Pengine ndiyo sababu haikuzua manung'uniko makubwa. Jina la mfuko lilimtaja mkulima, ambaye hakuwa na mwajiri wa kumlipia. Kwa nia, basi, huu ulikuwa mfuko wa mshikamano, ambamo sekta iliyoajiriwa ilichangia nyumba za walio nje yake.

Katika utekelezaji mambo yalikwenda kinyume. Benki, hata ikiwa ya umma, hukopesha kwa dhamana. Mwombaji alitakiwa kuwa na haki ya kiwanja inayotambulika kisheria, ramani iliyoidhinishwa na kipato kinachoweza kukatwa kila mwezi. Karani wa serikali alikuwa navyo, au aliweza kuvipata. Muuza samaki wa Feri, fundi cherehani wa barazani na mama aliyepika vitumbua hawakuwa navyo, hata pale kipato chao kilipomzidi karani. Aidha, viwango vya ujenzi vilidai matofali ya saruji na bati, na havikuikubali kwa urahisi nyumba inayojengwa chumba baada ya chumba kadiri fedha zinavyopatikana. Hakuna haja ya kutafuta hila au ubadhirifu ili kueleza jinsi mfuko ulivyowakosa walengwa wake. Kila sharti, likisomwa peke yake, lilikuwa la busara. Yalipowekwa pamoja, yalimbakiza nje yule ambaye jina lake lilikuwa mlangoni.

Mwenendo huo huo ulijitokeza katika mradi wa viwanja na huduma. Mpango wa Pili wa Maendeleo (1969–1974) ulikuwa umekubali kwamba serikali haiwezi kumjengea kila mtu, na mwaka 1972 serikali iliamua kwamba makazi yasiyopimwa yaboreshwe badala ya kubomolewa. Uamuzi huu ulihitaji ujasiri, tena ulitangulia wa nchi nyingi za Afrika. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1974, viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, huku Manzese ikichongewa barabara na kuwekewa mabomba ya maji. Kazi kama hiyo ilifanyika Mbeya na Mwanza, na awamu ya pili ikaongeza Tanga, Tabora, Iringa na Morogoro. Mwenye kipato cha chini alipewa kiwanja na huduma za msingi, kisha akategemea mkopo wa THB ili ajenge. Wengi hawakuweza kutimiza masharti ya ujenzi katika muda uliowekwa, na sehemu ya viwanja ikaishia mikononi mwa watu wa kipato cha kati, baadhi kwa mauziano ya kimyakimya, wengine tangu siku ya ugawaji.

Kisha ikaja miaka migumu. Vita vya Kagera vya 1978–1979, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya hata saruji ya Wazo Hill, inayozalishwa ndani ya jiji lenyewe, itafutwe kwa barua na kwa kujuana. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei zilipanda kwa takribani asilimia 30 kwa mwaka, wakati riba ya mikopo ya nyumba ilikuwa chini sana ya hapo. Maana yake kiuchumi ni nzito kuliko inavyoonekana. Aliyekopa mapema alirejesha shilingi zilizokwisha kunyauka. Kwa kweli alipewa sehemu kubwa ya nyumba bure. Aliyekatwa tozo bila kukopa, na mweka akiba aliyeiamini benki, ndio waliomlipia. Mfuko uliobuniwa kuhamisha fedha kutoka kwa walioajiriwa kwenda kwa wasioajiriwa ulikuwa sasa ukizihamisha kutoka kwa wengi kwenda kwa wachache waliowahi foleni. Wadaiwa wengi hawakulipa hata hizo shilingi zilizonyauka, na benki ya serikali haikuwa na moyo wa kuuza nyumba za wananchi kwa mnada. Mwaka 1995 THB ilifungwa. Sheria mahususi ya mikopo ya nyumba ilikuja kutungwa mwaka 2008.

Wakati benki ikielekea kufa, ndani ya jiji hilo hilo ulijaribiwa utaratibu wa namna nyingine. Hanna Nassif, mtaa usiopimwa wa Kinondoni ulio kando ya bonde la Msimbazi, ulikuwa ukizama kwa maji kila masika. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) na washirika wengine, wakazi waliunda chama chao, wakachagua kamati, na kamati hiyo ikatia saini mikataba ya ujenzi kama mkandarasi. Mitaro ya maji ya mvua na njia vilijengwa kwa mikono ya wakazi waliolipwa ujira. Fedha zilikuwa ndogo mno zikilinganishwa na za Mfuko wa 1974, lakini hazikumwuliza mtu hati wala mshahara: aliyeishi hapo alikuwa na haki ya kushika koleo na kusema katika mkutano. Si haki kuusifu mfano huu kupita kiasi. Mitaro huziba ikikosa wa kuizibua, na mtaa ukiboreshwa kodi hupanda, mpangaji maskini akahama. Hata hivyo, hapa msaada ulimkuta mtu katika nyumba yake ileile ya Kiswahili, haukumtaka kwanza awe raia mwingine.

Kuhusu viwanja vyenyewe, ushahidi wa baadaye unashangaza. Guy Michaels na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walilinganisha maeneo ya mradi huo katika miji saba ya Tanzania. Miongo mingi baada ya kamba ya mpima ardhi kupita, maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yalikuwa na nyumba kubwa na bora zaidi, ilhali yale yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonesha faida ya namna hiyo. Watafiti hao walibaini pia kwamba wakazi wa leo wa maeneo yaliyopimwa wana elimu zaidi. Kwa hiyo matokeo yao hayamfariji sana anayeuliza walengwa wa 1974 walikwenda wapi. Yanaonesha tu kwamba barabara iliyonyooka ilivumilia vita, uhaba wa saruji na kufa kwa benki, jambo ambalo mfuko haukuweza.

Suala la kutoza mishahara ili kujenga nyumba limerudi Afrika Mashariki kwa upande wa Kenya, ambako Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka tozo ya asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi kama hicho kwa mwajiri. Tofauti na Tanzania ya 1974, makato hayo yalionekana wazi katika stakabadhi ya mshahara, na malalamiko yakafika mahakamani. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliitangaza tozo hiyo kuwa kinyume cha Katiba, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kwamba iliwatoza walioajiriwa rasmi tu bila sababu ya kutosha ya kuwaacha wengine. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024 iliirejesha, safari hii ikiwajumuisha pia wenye kipato kisicho cha mshahara. Muuza samaki na fundi cherehani sasa wamo katika orodha ya walipaji. Nafasi yao katika orodha ya wanaokabidhiwa funguo ndiyo ambayo masharti ya mikopo yataamua.