Ulevi na usingizi kwenye usukani: polisi apime kwa kipimo gani?

SANDOA, jimbo la Lualaba – Kwa wakaaji wengi wa Sandoa, na kwa familia za wahami waliokimbia vita ya Kasai mwaka 2016 na 2017, kusafiri ni kupanda kamio na kukaa juu ya magunia. Anayekaa juu ya magunia hana mkanda wala mlango. Maisha yake yako mikononi mwa dereva. Dereva huyo akiwa amekunywa lutuku, au akiwa hajalala tangu jana, nani atamsimamisha, na atajuaje?

Zamani mzigo mkubwa wa Katanga ulipita kwa reli. Njia ya Benguela iliunganishwa na reli ya nchi yetu mwaka 1931, ikipita Dilolo na Kasaji hadi Tenke. Mwaka 1975 vita ya Angola ikaikata. Reli ya ndani nayo ikazidi kuchakaa. Uchimbaji ulipoamka tena baada ya mwaka 2000, shaba na kobalti zikahamia barabarani, kuelekea Kasumbalesa na bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban. Mpakani madereva hungoja kwenye mstari wa magari, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Njia ikifunguka, kila mmoja anataka kufidia muda aliopoteza, na usiku unageuka kuwa mchana.

Tarehe 20 mwezi wa pili 2019, kamio iliyobeba asidi kwa ajili ya mgodi wa Mutanda iligongana na basi huko Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi. Watu karibu 20 walikufa. Siku ile raia walielewa ni mizigo ya namna gani inayopita mbele ya milango yao kila siku.

Sheria haikosi. Mwaka 1977 nchi yetu, wakati huo ikiitwa Zaire, ilijiunga na mapatano ya Vienna ya 1968 juu ya barabara. Mapatano hayo yanadai dereva awe na hali ya mwili na ya akili inayofaa kuendesha. Tarehe 30 mwezi wa nane 1978 ikatoka sheria namba 78/022, ambayo ndiyo kodi ya barabara hadi leo. Shida iko kwenye kupima. Polisi wa roulage akihukumu kwa pua na macho tu, mlevi mwenye pesa anapita, na mzima mwenye macho mekundu ya vumbi anatozwa.

Nchi nyingine zilipitia shida hiyo hiyo. Mwaka 1897 dereva wa taksi mjini London aligonga nyumba akiwa amelewa, akatozwa faini ya shilingi 25. Ulevi wake ulionekana wazi, tena yeye mwenyewe alikubali. Lakini anayekataa afanywe nini? Mwaka 1936 Norwe iliweka kiwango cha pombe katika damu: ukikipita, una kosa, hata kama unatembea sawasawa. Mwaka 1954 Robert Borkenstein wa Marekani alitengeneza chombo cha kupima pumzi. Tangu hapo namba ikachukua nafasi ya pua ya polisi.

Chombo peke yake hakitoshi. Kenya ilileta chake, raia wakakiita alcoblow. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaona kwamba kanuni zilizotumika zinagongana na sheria yenyewe: kanuni zilihesabu kiwango cha pombe, wakati sheria ilidai kuonyesha kwamba dereva ameshindwa kutawala gari. Somo kwa Lualaba ni kwamba sheria itengenezwe kwanza, chombo kifuate.

Usingizi ni mgumu zaidi, kwa sababu hauna harufu. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama aliyekunywa pombe ya kufikia gramu 0.5 kwa lita ya damu. Kwa hiyo nchi za Ulaya hazipimi macho ya dereva, zinapima saa zake: baada ya saa nne na nusu za kuendesha, apumzike dakika 45, na chombo ndani ya kamio kinaandika yote. Katika jimbo la New Jersey, Marekani, tangu mwaka 2003, dereva anayeua mtu baada ya kukaa macho zaidi ya saa 24 anaweza kuhukumiwa kuwa alijua hatari akaidharau. Tanzania ilichagua njia nyingine: kwa miaka mingi ilikataza mabasi kusafiri usiku, hadi mwaka 2023.

Sandoa haihitaji kungoja vyombo vya bei kali ili kuanza. Daftari linatosha: gari liliondoka wapi, saa ngapi, dereva alilala wapi, kuna dereva wa pili au hakuna. Kila kizuizi kikitia muhuri na saa, uongo utaonekana kwenye kizuizi kinachofuata. Aliyechoka asitozwe pesa na kuachiwa aendelee, maana faini haiondoi usingizi. Gari lisimame mpaka alale. Mlevi aandikiwe PV, faini ilipwe benki kwa risiti, si mkononi. Na mwenye gari aliyempangia dereva saa zisizowezekana aitwe naye, kwa kuwa dereva huogopa kufukuzwa kazi kuliko kuogopa polisi.

Wasafiri nao wana haki yao. Kabla ya kupanda, mama mmoja anaweza kumuuliza dereva mbele ya watu wote: «Baba, jana ulilala wapi?» Akikosa jibu, wote wabaki chini mpaka kesho.