Kiungo cha muuza machungwa

Tuseme unatengeneza tovuti ya wauza machungwa wa Muheza. Kila muuzaji anajaza mwenyewe anwani ya ukurasa wake, wewe unaipachika kwenye kiolezo iwe kiungo. Sasa mmoja, badala ya https:, anaandika javascript: na kufuatisha msimbo wake. Mwenzake aliyeingia kwenye akaunti akibofya tu, msimbo ule unafanya kazi kwa jina lake. Unaweza hata kubadili namba ya simu ya kupokelea malipo.

Mlango huu ulifunguliwa na Netscape 2 mwaka 1996, tena kwa nia njema. Kusafisha alama za < na > hakusaidii, hapo hazimo. Angular hubandika unsafe: mbele ya anwani hiyo, ikafa. React ilijivuta, bwana: toleo la 16.9 la 2019 lilitoa onyo tu, kuzuia kabisa kukaja na toleo la 19, Desemba 2024. Vue inakuachia mwenyewe.

Basi ikague anwani kabla ya kuihifadhi: ianze na https: au http:, nyingine ikatae. Kagua kwenye seva, maana programu ya simu itakayosoma data ileile haitapita kwenye kiolezo chako.