Ikoma, Juni 1917: Vita Kuu na Walioilisha

Miongoni mwa waandishi wa Kizungu waliojishughulisha na tarikhi ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika ya Mashariki, imekuwa kama ada kuusifu mwendo wa Kapteni Max Wintgens na Luteni Heinrich Naumann wa mwaka 1917, wakiuhesabu kuwa kilele cha werevu wa kijeshi, kwa kuwa askari mia chache waliweza kuzunguka katika nchi kubwa kwa miezi kadhaa huku wakiwahangaisha Waingereza na Wabelgiji waliokuwa maelfu. Sifa hiyo sina haja ya kuibatilisha yote, maana ushujaa ni ushujaa, uwe wa rafiki au wa hasimu. Ila nimeona kwamba wanaoitoa hawaulizi swali ambalo mkulima yeyote wa kijiji cha Robanda, huko Ikoma, angeliuliza kabla ya mengine yote: watu wale walikula nini, na chakula chao kilitoka katika ghala ya nani?

Asili ya vita yenyewe ni mashuhuri. Mrithi wa ufalme wa Austria aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yamefungamana kwa mikataba yakavutana moja baada ya jingine, na matumaini ya Gavana wa Kijerumani Heinrich Schnee kwamba Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ungeyaepusha makoloni ya Bonde la Kongo na mapigano yakatoweka tarehe 8 Agosti, manowari ya Kiingereza Astraea ilipoipiga mizinga Dar es Salaam. Tanga Waingereza walishindwa vibaya Novemba mwaka ule. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia kwa njia ya Kilimanjaro, na Wabelgiji wa Jenerali Tombeur wakaitwaa Tabora mwezi wa Septemba. Hayo yameandikwa mara nyingi, tena na watu wenye nyaraka nyingi kuliko mimi.

Katika nchi za mashariki ya Ziwa Viktoria vita haikukawia. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kikaingia Kisii, na tarehe 12 ya mwezi ule kikapigana na askari wa KAR, jeshi la Waingereza, waliotumwa kukitoa. Wagusii, walipouona mji umeachwa na watawala wake, waliziteka mali zilizosalia, na Waingereza waliporudi wakawaadhibu kwa kuwanyang'anya ng'ombe. Hiyo ilikuwa ishara ya mapema ya namna vita ile itakavyohesabiana na raia: wakubwa wakikimbia si kosa, mdogo akiokota ni jinai. Kusini ya hapo, katika nchi ya Waikoma, ilisimama ngome ya mawe ambayo Wajerumani waliijenga juu ya kilima katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, nayo magofu yake hayako mbali na kijiji cha Robanda cha leo. Mwanza ilipoanguka Julai 1916, utawala wa Kijerumani katika sehemu hizi ukaondoka, na mtu angeweza kudhani kwamba mambo ya vita yamekwisha huku.

Hayakwisha. Mwezi wa Februari 1917 Wintgens, aliyekuwa pamoja na majeshi ya Wajerumani katika nyanda za juu za kusini, alijitenga nayo akageuka kaskazini, akiwa na askari wapatao mia tano au zaidi kidogo, mizinga michache na bunduki za rashasha, pamoja na wapagazi ambao waandishi wengi huwataja mwisho wa sentensi kama wanavyotaja mahema. Mwezi wa Mei alishikwa na homa kali ya tifasi akajisalimisha kwa Wabelgiji, na Naumann akaurithi msafara. Akaivuka Reli ya Kati, akapita Mkalama, na mwezi wa Juni akafika Ikoma na kuishika ngome. Wabelgiji waliokuwa wakimwandama walimshambulia hapo mwishoni mwa mwezi wakarudishwa nyuma na hasara kubwa. Kisha Naumann akatoka akielekea mashariki na kusini, watu wake wakafika hata Kahe na Kondoa, mpaka alipozingirwa na kujisalimisha mwanzoni mwa Oktoba.

Sasa na tuutazame msafara huo kwa jicho la chakula. Mzigo wa mpagazi katika vita ile ulikuwa ratili 60 hivi, na mtu anayetembea kutwa nzima na mzigo kichwani hahitaji pungufu ya ratili mbili za unga kwa siku. Maana yake ni kwamba mpagazi aliyebeba unga mtupu angeula mzigo wake wote yeye peke yake kwa siku 30, bila kumpa askari hata kibaba. Naumann hakuwa na reli nyuma yake, wala meli, wala bohari. Aliyokuwa nayo yalikuwa vijiji vilivyo mbele. Alifika Ikoma katikati ya mwaka, wakati ambao katika nchi hii mtama na ulezi huwa umevunwa au u karibu kuvunwa, na vihenge ndivyo akiba ya nyumba mpaka mvua nyingine. Kila kihenge kilichofunguliwa kwa ajili ya kikosi kilikuwa ni miezi ya watoto wa nyumba fulani, na kila kijana aliyeshikwa kubeba mzigo alikuwa ni jembe na upinde uliopungua katika boma lake. Wala waliomfukuza hawakuja na chakula kutoka mbinguni. Waingereza na Wabelgiji nao walikuwa na wapagazi wao, wengi kuliko wa Naumann, na njia ile ile iliyokwisha kuliwa na jeshi la kwanza ililiwa tena na la pili.

Wako wanaojibu kwamba dhara hilo lilikuwa na manufaa ya kijeshi. Hoja hiyo imebatilishwa na shahidi ambaye hapana awezaye kumshuku kwa upendeleo, naye ni Paul von Lettow-Vorbeck mwenyewe, jemadari wa Wajerumani, aliyesikitika katika kumbukumbu zake za mwaka 1920 kwamba safari ile, pamoja na bidii yote iliyotumika, ilikwenda mbali mno na uwanja mkuu wa mapigano hata isimfae kitu kikubwa. Ikiwa mwenye vita hakuona faida, sijui mwandishi wa baadaye anaiona wapi. Naumann mwenyewe alipelekwa mbele ya mahakama ya Waingereza akahukumiwa kifo kwa mambo yaliyotendeka katika mwendo ule, ingawa hukumu ilipunguzwa kuwa kifungo na mwaka 1919 akaachiwa. Habari hiyo aghalabu huwekwa pembeni na wale wanaopenda hadithi ya vita ya kiungwana.

Shahidi ninayetaka asomwe zaidi ni Ludwig Deppe, daktari wa jeshi la Wajerumani, ambaye mwaka 1919 alikiri katika kitabu chake kwamba walipopita waliacha nyuma yao mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa iliyo njiani, na kwamba hawakuwa tena waleta ustaarabu. Wengi wamelitaja ungamo lake kwa haraka kisha wakarudi kwenye ramani za mishale. Njaa aliyoitabiri ilifika: Ugogo, ambako majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na watu, ilishukiwa na njaa iliyoitwa Mtunya pamoja na ukame, na mwaka 1918 homa ya mafua ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika.

Kwa upande wa Mara, mkoa ilimo Ikoma, tunayo hazina nyingine. Jan Bender Shetler, katika kukusanya masimulizi ya wazee na maandishi ya wanahistoria wenyeji wa Mara ya Kusini, ameonyesha kwamba wazee wa huku huzipanga nyakati kwa rika, kwa koo na kwa mahali, na kwamba maafa ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, yaani sotoka ya ng'ombe, ndui na njaa, yamekaa katika kumbukumbu zao kwa uzito mkubwa. Wanaoyadharau masimulizi haya kwa kuwa hayana tarehe hawajatafakari kwamba rika ni kalenda: ukijua ni rika gani lililokuwa na ujana ngome iliposhambuliwa, umekwisha kujua ni vijana wa nani walioshikwa kubeba. Kwa njia hii Naumann atasomwa kuwa sura moja katika mfululizo wa dhiki ulioanza miaka 25 kabla yake, katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inarejesha mifugo na mashamba yake, na si kama shujaa aliyetokea katika pori tupu.

Mwisho wa vita nausema kwa ufupi. Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma Novemba 1917, akazunguka Msumbiji, akarudi, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani ya Ulaya, akaweka silaha chini Abercorn akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliiondolea Ujerumani makoloni yake, na Tanganyika ikawa dhamana ya Uingereza chini ya Shirikisho la Mataifa. Wapagazi waliofia utumishi wa Waingereza hukadiriwa kuwa karibu 100,000. Ujerumani iliyoshindwa iliwalipa askari wake wa zamani malimbikizo ya mishahara katika miaka ya 1920. Uingereza iliyoshinda ilikataa kuitoa mishahara ya wapagazi waliokufa bila warithi wao kupatikana, ingawa maofisa wake wenyewe waliokuwa Kenya waliidai. Hao angalau majina yao yaliandikwa. Waliobeba mizigo ya Naumann, na wenye vihenge vilivyofunguliwa njiani mwake na mwa waliomfukuza, hawakuingizwa katika dai lolote, na orodha yao, kama itapatikana, itaanzia kwa wazee wa Robanda na vijiji jirani, rika kwa rika.