Horace alidai ndiye wa kwanza, lakini Catullus alishapita njia hiyo

Mwaka 23 KK mshairi wa Kirumi Horace alitoa vitabu vitatu vya Odi zake. Shairi la mwisho ni la kujisifu: anasema yeye ndiye wa kwanza kuleta katika Kilatini nyimbo za Wagiriki wa upande wa Lesbos, kisiwa cha washairi Sappho na Alcaeus.

Tatizo ni kwamba kuna mtu aliyemtangulia.

Huyo ni Catullus, kijana wa Verona, kaskazini mwa Italia. Alizaliwa karibu na mwaka 84 KK na alifariki akiwa na miaka 30 hivi. Wakati huo Horace, ambaye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachiwa huru, alikuwa bado mtoto wa miaka 11 hivi.

Catullus alitumia bahari ya Sappho mara mbili tu. Ubeti wake una mistari mitatu ya mizani 11, kisha mmoja mfupi wa mizani 5. Vina hakuna; mdundo unatokana na mpangilio wa silabi ndefu na fupi. Shairi lake la 51 ni tafsiri ya Sappho mwenyewe, na mwanamke anayeimbwa humo anaitwa Lesbia, jina linalokumbusha kisiwa kilekile. La 11 ni salamu chungu za kuachana naye.

Basi tazama Horace alivyofanya. Katika Odi ya 22 ya kitabu cha kwanza anamsifu msichana Lalage kwa kicheko chake kitamu, na maneno ya Kilatini ni yaleyale ya Catullus. Lakini Sappho alikuwa ametaja vitu viwili, kicheko na sauti tamu, na Catullus alipotafsiri aliiacha sauti. Horace akairudisha. Yaani alikuwa amewasoma wote wawili, na alitaka msomaji mjuzi agundue.

Mfano mwingine ni Odi ya 6 ya kitabu cha pili. Catullus katika la 11 anawaambia rafiki zake Furius na Aurelius kwamba wako tayari kwenda naye hadi India, Arabia, hata Uingereza. Horace anaanza vivyo hivyo, kwa bahari ileile, akimtajia rafiki yake Septimius nchi za mbali. Ila yeye hana mapenzi ya kuvunja. Anachotaka ni mahali patulivu pa kuzeekea!

Kwa kazi, Horace alimzidi. Kati ya Odi zake 103, 25 ziko katika bahari hiyo, pamoja na wimbo ulioimbwa Roma mwaka 17 KK na wavulana 27 na wasichana 27. Pia aliikaza kanuni: silabi ya nne, ambayo Catullus aliiachia iwe ndefu au fupi, kwake ni ndefu daima.

Na shukrani je? Horace anamtaja Catullus kwa jina mara moja tu, katika tenzi zake za dhihaka, akimcheka mwigaji mmoja asiyejua kuimba kingine ila Calvus na Catullus. Ni haki kusema dhihaka ile inamlenga mwigaji kwanza. Na kwa bahari ya Alcaeus, ambayo Catullus hakuigusa, madai ya Horace yana nguvu. Kwa Sappho, hapana.

Nusura tusiyajue haya. Karibu mashairi yote ya Catullus yametufikia kupitia nakala moja iliyoonekana Verona karibu na mwaka 1300. Nakala hiyo nayo ikapotea, lakini baada ya watu kuinakili.