Chuma cha Ubongoni na Mkono Unaotetemeka

Mwaka 1924 Jean Lhermitte na wenzake walieleza kwamba ubongo wa wagonjwa wa Parkinson una madini ya chuma kupita kiasi. Wakati huo mgonjwa alipaswa kufa kwanza ndipo chuma hicho kionekane. Leo mashine ya MRI hukipima akiwa hai: chuma huvuruga usumaku unaokizunguka, na kompyuta hutumia mvurugiko huo kuchora ramani ya kilipojikusanya, hasa katika sehemu nyeusi ya ubongo wa kati, ambako seli zitengenezazo kemikali ya dopamini hufa. Ni maendeleo makubwa, lakini kukiona chuma hakujatuambia kama ndicho kinachoua seli hizo. Jaribio lililofanywa Ulaya na kuchapishwa mwaka 2022 liliwapa baadhi ya wagonjwa wapya 372 deferiproni, dawa inayoondoa chuma mwilini. Picha zilionyesha kimepungua. Wagonjwa wenyewe walizidiwa kuliko wenzao waliopewa kidonge kitupu. Huenda ni kwa sababu ubongo unahitaji chuma hichohicho ili utengeneze dopamini.

Picha hizi zina kazi, hilo halina ubishi. Mwaka 2020 watafiti wa London waliona kwamba chuma kikizidi katika maeneo fulani ya ubongo, uwezo wa mgonjwa wa kufikiri nao huwa umedhoofika, na hapo utafiti umepata kipimo cha maana. Ila mzee wa Majengo, Nyeri, anayetetemeka mkono akiwa ameketi, hahitaji ramani ya chuma ili atambuliwe. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa kumtazama na kumpima: miondoko iliyopungua kasi, viungo vilivyokakamaa, na jinsi anavyopata nafuu kwa dawa ya levodopa. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, utafiti uliotolewa mwaka 2008 uliwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu 161,071, ukapata 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Atakayesema daktari asiye na picha aweza kukosea anasema kweli, maana kiharusi na uvimbe huweza kufanana na Parkinson. Lakini hayo hutafutwa kwa picha ya kawaida. Chuma, kwa upande wake, huongezeka ubongoni hata kwa uzee mtupu. Kwa hiyo fedha za kaunti zikiwa chache, zitangulie kumfundisha mhudumu wa zahanati kuitofautisha Parkinson na uzee, na kuhakikisha levodopa haikosekani katika duka la dawa la hospitali, kwa kuwa mgonjwa huimeza kila siku, mara kadhaa.