Namba ya Boti ya Kale Itafutwe Kabla ya Kupiga Msasa

Kazi ya kwanza katika kukarabati boti ya kale ya mbao yenye injini ni kuitambua, kwa kuwa msasa waweza kufuta ushahidi usiopatikana tena. Mfano ulio wazi ni boti za Chris-Craft, kampuni iliyoanzia Algonac, jimbo la Michigan nchini Marekani, na kuacha kuunda boti za mbao mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Boti hizo ziligongwa namba kwenye mbao zenyewe, mara nyingi karibu na injini au kwenye mifuniko ya sitaha. Herufi na tarakimu za mwanzo hutaja aina: U-22, kwa mfano, ni Sportsman yenye urefu wa futi 22, takriban meta 6.7. Namba ya injini pekee haitoshi, kwani injini nyingi zimekwisha kubadilishwa. Kadi za kiwandani, zilizohifadhiwa katika The Mariners' Museum, Newport News, Virginia, huonyesha injini ya awali na vifaa vilivyofungwa.

Ndipo sehemu ya chini ikaguliwe. Nyingi zina tabaka mbili za mbao zenye turubai katikati, na uozo hujificha humo ilhali vanishi ya juu ingali inang'aa. Ubao wenye namba ukiwa umeoza, upigwe picha na kipande hicho kihifadhiwe.

Boti iliyokaa nchi kavu kwa miaka mingi huvuja inaposhushwa majini, hadi mbao zivimbe. Jambo hilo peke yake si kosa la fundi, lakini pampu iwe tayari.