Miaka mia ya ng'ombe: tiba ya mbwa na paka ilivyochelewa kufika Njombe

Mbwa anayelinda karakana ya mbao mjini Makambako, mkoani Njombe, akianza kukojoa mkojo wa rangi ya kahawa, mwenyewe humkimbiza kwenye duka la dawa za mifugo au humpigia simu bwana mifugo wa kata. Hakosei. Hao ndio walio karibu, na wengi wao ni watu wenye moyo wa kazi. Ila wamefundishwa hasa kumtibu ng'ombe. Mafunzo ya kuwaongezea ujuzi wa magonjwa ya ndani ya mbwa na paka, yaani ya damu, ini, figo, moyo na matumbo, hufanyika mara chache, tena mbali.

Hali hiyo ina historia ya zaidi ya miaka mia. Ukiifuatilia utaona kwamba mbwa aliingia katika elimu ya madaktari wetu wa mifugo kwa sababu ya kiumbe kingine: mtu aliyeng'atwa, au simba aliyekufa. Kwa ajili ya mbwa mwenyewe mlango umefunguliwa juzi tu, na Nyanda za Juu Kusini bado ziko mwisho wa foleni.

Mwanzo wa yote ni sotoka. Ugonjwa huo uliingia Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukafyeka ng'ombe na nyati, njaa ikafuata. Wajerumani walipofungua maabara ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905, waliyemfikiria alikuwa ng'ombe, na Waingereza waliowafuata wakaendelea hivyo hivyo. Kwa watu wa kusini sura inayowahusu zaidi ni ya mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Sotoka ilikuwa inateremka, na ukanda ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa ukafanywa kizuizi: ng'ombe walichanjwa, uzio ukajengwa, wanyamapori wakapunguzwa kwa bunduki, ili ugonjwa usivuke kwenda Rhodesia na Afrika Kusini. Daktari wa mifugo aliyepita nchi hii wakati huo alihesabu pembe. Mbwa alitajwa kichaa kilipozuka, na amri ilikuwa kumfunga au kumpiga risasi.

Uhuru ulipokuja, ng'ombe aliendelea kuwa wa kwanza, na kwa Njombe kulikuwa na sababu nzuri. Baridi ya huku inamfaa ng'ombe wa maziwa. Kitulo, juu kule Makete, shamba la serikali lilifuga Friesian. Baadaye Uswisi ilifadhili mradi wa maziwa wa Nyanda za Juu Kusini, na shirika la CEFA la Italia likasaidia Njombe kupata kiwanda cha maziwa. Kizazi kizima cha mabwana mifugo kilikua kikisomea ndigana kali, ugonjwa wa kiwele na uhimilishaji. Watoto walisomeshwa kwa maziwa hayo, kwa hiyo sioni kosa la mtu aliyeamua kwamba ng'ombe atangulie. Kosa ninaloliona ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza nani atafuata.

Madaktari wenyewe walisomea mbali. Wachache walipitia Makerere. Kuanzia 1962 kitivo cha Afrika Mashariki kilikuwa Kabete, Nairobi, na Watanzania wengi walipata shahada zao huko hata baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1970. Morogoro ilianza kufundisha tiba ya mifugo mwaka 1976, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, chenye kitivo kamili cha tiba ya mifugo kilichopata msaada mkubwa wa Denmark. Shahada ni ya miaka mitano. Mbwa na paka wamo katika masomo, na hospitali ya wanyama ya chuo huwapokea kila siku. Lakini miaka mitano ikigawanywa kati ya ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, samaki, wanyamapori, ukaguzi wa nyama na maabara, kinachobaki kwa figo za paka ni kidogo. Ndiyo maana elimu ya baada ya chuo ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Na hapo ndipo ngazi ilipovunjika. Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza ajira na kuwahimiza madaktari wajitegemee. Maduka ya dawa za mifugo yakaota kila mji. Kisha mageuzi ya serikali za mitaa yakawahamisha maofisa mifugo kutoka wizarani kwenda halmashauri. Yalikuwa na faida zake, maana mtaalamu alisogea kwa wananchi. Hata hivyo yalimtenganisha na wakubwa wake wa fani. Mtu wa Njombe aliyetaka mafunzo rejea sasa aliomba fedha kwenye bajeti ileile inayochimba visima na kupaua madarasa. Aliyejiajiri hakuwa hata na pa kuombea.

Wakati huohuo, mwaka 1994, simba wa Serengeti walianza kufa. Walionekana wakitetemeka, wakipata degedege, wakishindwa kusimama. Daktari wa wanyama wa hifadhi za taifa wakati huo, Melody Roelke-Parker, na wenzake walichukua sampuli, na jibu likawa distempa ya mbwa. Takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo, kama 1,000 kati ya 3,000, walipotea. Macho yote yakageukia mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, kwa kuwa ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Miaka iliyofuata kampeni za chanjo ziliwafikia mbwa hao: kichaa, distempa na parvo. Ghafla ugonjwa wa ndani wa mbwa wa kijijini, ambao jana haukuwa na bei, ulichapishwa katika majarida makubwa ya sayansi duniani. Lakini tazama kilichohitajika hadi kufika hapo. Mbwa walikuwa wakifa kwa distempa miaka yote.

Mlango wa pili ulikuwa kichaa cha mbwa. Mtaalamu wa virusi Mark Rweyemamu na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu ugonjwa huo nchini tangu 1973. Mwaka 2002 Sarah Cleaveland na wenzake walikadiria, kwa kuanzia kwenye majeraha ya watu walioumwa na mbwa, kwamba Tanzania ilikuwa inapoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa kichaa, mara mia ya idadi iliyokuwa ikiripotiwa rasmi. Kuanzia 2010 mradi mkubwa chini ya Shirika la Afya Duniani ulichanja mbwa katika wilaya 28 za kusini na mashariki mwa nchi, pamoja na Pemba, ukilenga kufikia asilimia 70 ya mbwa wa kila eneo. Maofisa mifugo wengi walifundishwa hapo kumshika mbwa ipasavyo, kutunza chanjo na kuandika kumbukumbu. Baadaye Felix Lankester, Ahmed Lugelo na wenzao walionyesha kwamba chanjo mojawapo ya kichaa inabaki na nguvu ikiwekwa nje ya jokofu kwa miezi, nyuzi 25 kwa miezi sita au nyuzi 30 kwa miezi mitatu. Lugelo aliendelea kutafuta namna ya kuitunza kijijini kwa vyombo vya udongo vinavyopoa bila umeme. Hiyo ni kazi ya kujivunia.

Mafunzo yote hayo, hata hivyo, yaliishia chini ya ngozi, pale sindano ya chanjo inapoingia. Ukienda ndani zaidi ya hapo, daktari amebaki peke yake.

Turudi kwa yule mbwa wa karakana. Mkojo wa kahawa unaweza kuwa babesia, vijidudu vinavyoletwa na kupe na kupasua chembe nyekundu za damu. Unaweza kuwa homa ya mgunda, ambayo inaharibu ini na figo na inaweza kumwambukiza hata anayemhudumia. Mbwa huyohuyo akiwa anatoka damu puani na kukonda, yawezekana ni erlikia, ya kupe pia, ila dawa yake ni nyingine kabisa. Kwa macho huwezi kuapa. Unachohitaji ni tone la damu kutoka ncha ya sikio, ambako babesia huonekana kwa urahisi zaidi, ulitandaze jembamba juu ya kioo, likauke, ulitie rangi ya Giemsa, uweke mafuta na lenzi ya mwisho ya hadubini. Babesia utaiona ndani ya chembe nyekundu, mara nyingi viwili viwili vyenye umbo la pea lililochongoka. Erlikia ukibahatika utaikuta ndani ya chembe nyeupe, kishada kidogo cha zambarau. Asiyezoea huona uchafu wa rangi tu. Jicho hilo halipatikani kwa kusoma kitabu. Linapatikana kwa kukaa kando ya mtu aliyekwisha kuona vioo vingi, akakusogezea kiti.

Bila jicho hilo mkono huenda kwenye Berenil, dawa ambayo kila duka linayo. Kipakiti cha kawaida hutosha ng'ombe wa kilo 300. Mbwa wa kilo 15 anahitaji sehemu moja ya ishirini, na mbwa hana uvumilivu wa ng'ombe: ikizidi, au ikirudiwa haraka, inaharibu ubongo, naye huanza kuyumba na kukakamaa shingo. Mwenye mbwa atasema ugonjwa ulimzidi. Hali kadhalika dawa za kuogeshea ng'ombe. Nyingi za sasa zina sipamethrini, na paka akipakwa au akijilamba hutetemeka hadi kufa. Paka akipewa kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500 kwa sababu ana homa, damu yake hubadilika rangi na hewa haifiki mwilini, kwani ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu. Haya yanafundishika kwa siku mbili, na yangeokoa wanyama wengi kuliko mashine yoyote ya bei.

Makambako ina hatari yake ya pekee. Reli ya TAZARA inapita hapo, barabara kuu ya Tunduma inapita hapo, na ya Songea inaanzia hapo. Parvo, iliyojulikana duniani mwaka 1978 na kuenea kila bara ndani ya miaka michache, husafiri kwa viatu, matairi na vizimba vya watoto wa mbwa. Kirusi chake hukaa ardhini kwa miezi, na mahali penye baridi na kivuli hukaa zaidi. Sabuni na dawa nyingi za kawaida hazikiui; klorini inakiua. Daktari wa njia panda kama hii anatakiwa ajue kumwekea dripu mtoto wa mbwa anayehara damu na kumpima maji yaliyopotea kila baada ya saa chache. Hiyo ndiyo tiba ya ndani yenyewe, na ni kazi ya usiku kucha.

Mafunzo yapo, si kwamba hayapo. Chama cha Madaktari wa Mifugo Tanzania, TVA, kimekuwa na mikutano ya kisayansi tangu miaka ya 1980, mara nyingi Arusha. Sheria ya Veterinari ya 2003 iliunda Baraza la Veterinari linalosajili madaktari na kusimamia taaluma, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ikamfanya mbwa awe na haki ya kutoteswa. Katikati ya miaka ya 2010 chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, kupitia wakfu wake kilianzisha mtandao wa AFSCAN kwa ajili ya nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, na hapa nchini kuna TASAVO, chama cha madaktari wa wanyama wadogo. Kwa mara ya kwanza mbwa akawa mada kwa ajili yake mwenyewe. Korona ilipofunga safari mwaka 2020, mihadhara mingi ilihamia mtandaoni, na daktari wa Njombe mwenye bando akaweza kumsikiliza bingwa wa moyo wa mbwa aliyeko Ulaya.

Mhadhara wa simu ni mzuri, lakini hausogezi kiti kando ya hadubini. Toka Njombe hadi Morogoro ni takriban kilomita 500, na Arusha ni mbali zaidi. Anayefunga duka kwa wiki moja anapoteza mapato ya wiki. Tena masomo mengi hutolewa kwa Kiingereza cha wataalamu na yamelengwa kwa wenye shahada, wakati wanaomfikia mbwa mgonjwa kwanza ni wenye astashahada na stashahada.

Vitu vya kuanzia viko karibu kuliko inavyodhaniwa. Iringa kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Madaba, kwenye barabara ya kutoka Njombe kwenda Songea, kuna kampasi ya LITA inayowafundisha wasaidizi na maofisa mifugo. Dunia imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, kwa hiyo kampeni za chanjo zitaendelea kupita vijijini. Siku ya chanjo kijiji huleta mbwa wake mahali pamoja, wakiwa wamefungwa kamba, mbele ya mtaalamu. Hakuna kliniki Makambako itakayowaona mbwa wengi hivyo kwa mwezi. Siku hiyohiyo, kwa ruhusa ya wenye mbwa, daktari wa halmashauri, mwenye duka na wanafunzi wawili wa Madaba wanaweza kutoa matone ya damu masikioni, kuyatandaza na kuyapeleka Iringa, wafundishwe kuyasoma na mtaalamu wa maabara kioo kwa kioo. Gharama yake ni vioo, rangi na nauli ya basi, na halmashauri inaweza kuiweka katika bajeti ya mwaka huu wa fedha.